Mto Una Siku Zake: Kutoka Kiserian hadi Sabaki

Nilifika Kiserian Jumanne asubuhi, siku ambayo mji huu wa nyama choma hupumzika. Wikendi hapapitiki: magari ya Nairobi yamepangana kandokando ya barabara ya Magadi, moshi umetanda, na kila mwenye jiko anakukaribisha kama ndugu aliyepotea. Jumanne ile wachoma nyama walikuwa wakifagia majivu. Mkobani nilikuwa na hukumu ya mahakama niliyoichapisha usiku uliotangulia, na nilikuja kuutafuta mto uliotajwa ndani yake.

Mto Kiserian unatoka kwenye Milima ya Ngong, ile inayoonekana kutoka Nairobi kama vifundo vya ngumi. Si mto wa kutisha. Chini ya daraja nilimkuta mama mmoja akichota maji kwa kopo na kuyamimina kwenye mtungi wa lita 20. Nilimsalimu, akaitikia, kisha akanijibu kabla sijamuuliza.

"Haya si ya kunywa, mwanangu. Ni ya sukuma."

Shamba lake lilikuwa hapo kando: matuta manne ya sukuma wiki na moja la kunde. Nilimuuliza kama huchota kila siku. Akatikisa kichwa. Jumatatu hachoti. Jumapili mji umejaa wageni, vyoo vimetumika kutwa nzima, na kukicha Jumatatu mto unanuka. Jumanne ni afadhali. Mvua ikinyesha usiku anangoja siku mbili, maana mvua ndiyo inayofukua mashimo ya watu na kuyateremsha mtoni.

"Mto una siku zake," alisema akifunga mtungi. "Usipozijua utaleta uchafu sahanini."

Niliketi juu ya jiwe nikaifungua hukumu.

Watu 23 kizimbani

Wenye ploti 23 wa mji huu, watu wa nyumba za kupangisha na majengo ya biashara, walifunguliwa mashtaka ya kumwaga maji taka kwenye chanzo cha maji ya umma na kupuuza notisi ya maafisa wa afya. Mwaka 2004 walikimbilia Mahakama Kuu Nairobi, na ombi lao, nambari 118 la mwaka huo, likajulikana kwa jina la mmoja wao: Peter K. Waweru dhidi ya Jamhuri.

Hoja yao kubwa inaeleweka hata bila wakili. Kwa nini sisi tu? Kiserian nzima haikuwa na bomba la maji taka. Aliye juu ya mto alimwaga, aliye chini alimwaga, lakini hati ya mashtaka ikawachagua wao 23. Na nyuma ya hoja hiyo kuna swali ambalo kila mwenye ploti Kenya analijua. Ardhi ilipimwa na serikali. Ramani za majengo zilipitishwa na baraza. Kodi ililipwa. Waliogonga mihuri hiyo walijua kwamba hapakuwa na mtambo wa kusafisha maji taka. Walidhani maji ya vyoo vya nyumba hizo yangeelekea wapi?

Sheria iliyowafikisha kizimbani ilikuwa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Hiyo ni sheria ya mwaka 1921, na ili kuielewa inabidi kurudi nyuma zaidi ya Kiserian, mpaka kwenye kinamasi kilichozaa jiji.

Maji baridi

Wamaasai waliuita mto wa kinamasi hicho kwa ubaridi wa maji yake, na kutoka jina hilo tukapata Nairobi. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika hapo, mahema yakawa kambi na kambi ikawa mji. Hakuna aliyekaa chini kufikiri maji machafu yatakwenda wapi. Mwaka 1902 tauni ilipozuka, maafisa walilichoma moto soko la Wahindi. Muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji ya himaya hii, na dawa aliyoipendekeza ilikuwa kuwatenga watu kwa rangi zao: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao.

Sheria ya 1921 ilizaliwa katika fikra hizo. Ilimpa afisa wa afya notisi, faini na askari. Mwenye nyumba chafu aliandikiwa, akapewa siku za kurekebisha, na asiporekebisha alishtakiwa. Siku za raia zilihesabiwa moja moja. Mkononi mwa raia hapakuwa na notisi ya kuiandikia serikali kwamba nayo, tangu ilipopitisha ramani hizi, ina siku kadhaa za kujenga mtambo.

Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, na sheria ikabaki na nambari yake. Tabia yake pia ilibaki: jicho kali kwa aliye chini, na subira isiyo na kikomo kwa aliye juu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwenye habari za maji machafu methali hiyo inasomeka kama taarifa ya zahanati.

Mlango uliofungwa, na mlango uliogongwa mara tatu

Kati ya mwaka 1921 na ile kesi ya Kiserian kuna vituo viwili ambavyo sikuweza kuviruka.

Cha kwanza ni Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989. Wakubwa wa chama tawala walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ambayo wakazi wa jiji hupumzikia. Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kulizuia. Mnamo Desemba mwaka huo Jaji Dugdale alilitupa ombi lake kwa sababu moja: hakuwa na haki ya kushtaki. Madhara aliyoyalalamikia hayakuwa yake peke yake. Yalikuwa ya umma, na umma ulikuwa na msemaji mmoja tu mahakamani, Mwanasheria Mkuu. Kwa maneno mengine, mtu pekee aliyeruhusiwa kuishtaki serikali kwa niaba ya wananchi alikuwa wakili wa serikali. Jumba lile halikujengwa, lakini lililolizuia ni kelele za watu na woga wa wafadhili. Mlango wa mahakama ulibaki umefungwa.

Cha pili ni Tabata, Dar es Salaam. Huko mlango ulifunguka mapema, na tukaona kinachotokea baada ya kufunguka. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa la taka lililokuwa likifuka moshi, kunuka na kuzalisha nzi katikati ya makazi yao. Mahakama Kuu iliwapa ushindi na kuamuru jaa lifungwe. Halmashauri ikaomba muda, ikapewa. Muda ukaisha, ikaomba mwingine, ikapewa. Mwaka 1991 iliporudi tena na ombi lilelile, Jaji Lugakingira alikataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na kila mara linanigusa palepale. Jaji alikuwa ameliita ombi la muda kwa jina lake halisi. Karatasi zilisema halmashauri inahitaji miezi zaidi ya kutafuta eneo jingine. Yeye alisoma kilichomo: kila mwezi unaoongezwa ni mwezi wa moshi kwenye mapafu ya mtoto wa Tabata.

Hata hivyo taka hazikutoweka. Zilihamishiwa Kunduchi Mtongani, na mwaka uleule wa 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Jiji lilikuwa limeutii mtaa mmoja kwa kuuonea mwingine. Kwa hiyo tayari mwanzoni mwa miaka ya 1990 somo lilikuwa mezani kwa yeyote aliyetaka kulisoma: kuishinda serikali kesi ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuifuata mpaka itende.

Machi 2, 2006

Turudi Kiserian. Ombi la wenye ploti lilisikilizwa na majaji watatu: Nyamu, Ibrahim na Emukule. Walisoma hukumu yao Machi 2, 2006.

Kwanza waliwapa walalamikaji walichokitaka. Kuwachagua watu 23 na kuwaacha majirani zao wenye hali ileile ni ubaguzi, na mashtaka yakaanguka. Hapo majaji wangeweza kufunga jalada na kwenda nyumbani. Wenye ploti wangeshangilia, na mto ungeendelea kupokea kilichokuwa kikimwagwa.

Lakini hawakulifunga. Walisema, bila kuombwa na upande wowote, kwamba hawawezi kuwaachia washtakiwa na kuuacha mto. Katiba ya wakati ule haikuwa na neno moja juu ya mazingira safi. Ilikuwa na kifungu cha 71, haki ya kuishi. Majaji waliuliza maana ya kuishi ni nini, wakajibu kwamba uhai hauishii kwenye pumzi. Binadamu anayekunywa kinyesi cha jirani yake anapumua, lakini haki yake ya kuishi imevunjwa. Wakaongeza kwamba maji na ardhi serikali inavishika kama mdhamini tu. Mali yenyewe ni ya watu walio hai na ya wale ambao hawajazaliwa.

Kisha wakamgeukia mdaiwa ambaye hakuwa kizimbani. Amri ikaelekezwa kwa Wizara ya Maji na Baraza la Kaunti ya Olkejuado, lililousimamia mji huo wakati ule: Kiserian ipatiwe mtambo wa kusafisha maji taka. Mahakama ilikuwa imekataa ule mchezo wa kumpiga faini mwenye choo huku aliyepewa kazi ya kujenga bomba akikaa upande wa mashtaka na kunyoosha kidole.

Nilimsomea yule mama sehemu hiyo, nikiitafsiri polepole. Alisikiliza huku akipalilia. "Mwaka gani?" aliuliza. Nikamwambia. Alihesabu kwa kimya. "Mtoto wangu wa mwisho alikuwa hajazaliwa," alisema, "na huyo sasa ana kitambulisho."

Hukumu ya Waweru inafundishwa katika vyuo vya sheria na imenukuliwa tena na tena katika kesi za mazingira. Nilikuwa nimeisoma nikiwa mbali na kuipenda kama mtu anavyopenda shairi zuri. Kando ya mto ule niliona upungufu ambao hauko kwenye maneno yake. Kwa desturi ya mahakama zetu wakati huo, jaji akishasoma hukumu kazi yake ilikuwa imekwisha. Jalada lilirudi masjala. Aliyetaka kuuliza mtambo uko wapi ilibidi afungue kesi nyingine, atafute wakili mwingine, alipe ada nyingine. Serikali ilijua hivyo, na ikajifunza kwamba hukumu inayosifiwa sana inaweza kungojwa mpaka ichoke.

Aliyesafisha, na kilichobaki

Itakuwa dhuluma kusema hakuna kiongozi aliyejaribu. Marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008, aliuvamia Mto Nairobi kwa ukali wake uliojulikana. Mabomba haramu yalizibwa, gereji zilihamishwa, na kipande cha ukingo karibu na mzunguko wa magari wa Globe kilichokuwa jaa kikawa bustani yenye jina lake. Watu walioshuhudia wanasema waliona maji yakibadilika rangi, na kwamba ndege walirudi.

Michuki alifariki Februari 2012. Bustani ile ilirudi kuwa makao ya taka, na ikalazimu kukarabatiwa upya mwaka 2020. Huo ndio mfano ninaowapa wanaosema kwamba mito inahitaji viongozi wenye nia njema, si mahakama. Nia njema ya waziri huondoka naye. Amri ya mahakama haistaafu, haihamishwi wizara, wala haishindwi uchaguzi, mradi pawe na jaji anayeishika.

Milimani: je, jaji anaweza kubaki?

Katiba ya 2010 iliandika wazi yale ambayo majaji wa Waweru walilazimika kuyachimba. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 43 kinataja maji safi na salama ya kutosha. Cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia, na hivyo kikauvunja ule mlango aliofungiwa Profesa Maathai. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuunda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Swali moja lilibaki: jaji akishatoa amri, anaweza kubaki nayo? Jibu lilitoka katika kesi ambayo haikuhusu mto. Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, kilibomolewa na wakazi wake kuachwa nje. Jaji Mumbi Ngugi aliwapa haki mwaka 2013 na kuiagiza serikali irudi mbele yake ndani ya siku 60 na maelezo ya sera na mipango yake ya makazi. Mahakama ya Rufaa ikalipinga jambo hilo: jaji amekwisha kuamua, hana tena mamlaka ya kuita watu kuja kumpa taarifa. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu.

Januari 11, 2021, Mahakama ya Juu ilisema kwamba katiba mpya inawaruhusu majaji kutoa amri za usimamizi. Jaji anaweza kutamka kwamba haki imevunjwa, akaiagiza serikali ilete mpango wake kwa hati ya kiapo, akawasikiliza walioumia wakiukosoa, akaweka tarehe, na akaendelea kulishika jalada mpaka jambo litendeke. Amri ziwe wazi na zinazotekelezeka, na jaji asijigeuze waziri.

Huu haukuwa uvumbuzi wa Nairobi. Majaji wa India waliizoea njia hiyo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliziamuru idara za serikali kuisafisha Ghuba ya Manila, na kuzitaka zipeleke taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi mitatu. Mtumishi wa umma anayejua kwamba baada ya siku 90 atasimama na kueleza alichofanya, kwa kiapo, mbele ya mtu anayeweza kumfunga kwa kudharau mahakama, hupanga kazi yake tofauti na yule anayejua hakuna atakayemuuliza.

Wapo wanaoliogopa jambo hili, na hofu yao si ya kijinga. Wanauliza jaji amesomea wapi uhandisi wa maji taka, na ni nani aliyemchagua agawe bajeti. Nawajibu kwa Kiserian. Majaji hawakuchora mtambo wala kutaja kipenyo cha bomba. Sheria ya kulinda maji ilitungwa na Bunge, na kazi ilipewa wizara na Bunge. Mahakama inaposimamia ratiba inaitii sheria iliyotungwa na waliochaguliwa, na anayeivunja ni yule aliyepewa kazi akaiweka kabatini.

Dandora na miezi 6

Kutoka Milimani, penye mahakama za Nairobi, nilipanda matatu ya Dandora. Jaa la huko lilianza kupokea taka za Nairobi miaka ya 1970, na tangu mwaka 2001 limetangazwa kuwa limejaa. Linanyanyuka juu ya ukingo wa Mto Nairobi kama kilima ambacho Mungu hakukiumba. Korongo wamesimama juu yake wakiwa wengi kama watu sokoni. Kila mvua inayonyesha hupitia humo kabla ya kufika mtoni.

Mwaka 2019 wananchi wawili walifungua ombi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuhusu uchafuzi wa Mto Nairobi na Mto Athi, wakiitaja NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, miongoni mwa walalamikiwa. Hawakuhitaji kuonyesha kwamba mifereji yao wenyewe imechafuliwa. Julai 2021 Jaji Kossy Bor aliwakubalia kwamba haki ya watu wanaotegemea mito hiyo imevunjwa, na miongoni mwa amri zake akaagiza utupaji wa taka Dandora ukome na jaa lihamishwe ndani ya miezi 6.

Nilipofika, lori la taka lilikuwa likiingia langoni. Nyuma yake kulikuwa na jingine, na jingine. Vijana walikuwa wakilikimbilia la kwanza kabla halijasimama, ili wawe wa kwanza kufikia chupa. Miezi 6 imepita mara nyingi.

Siwezi kumlaumu jaji aliyeweka tarehe. Ninachokiona Dandora ni kwamba tarehe peke yake haitoshi, kama vile mtungi peke yake hautoshi kuleta maji nyumbani. Siku inapofika lazima awepo wa kuita majina. Mlalamikaji apate njia rahisi ya kurudi mbele ya jaji yuleyule, na masjala yenyewe iliite jalada tarehe ikifika, kama inavyoliita jalada la mwizi wa kuku. Na pia vijana wale wanaokimbilia malori waitwe wasikilizwe, kwa kuwa taka zile ndizo mkate wao, na amri inayolifunga jaa bila kuwafikiria itazaa Kunduchi Mtongani nyingine.

Kwenda na maji

Maji ya Kiserian huingia Mto Mbagathi, yakapita kusini mwa Mbuga ya Nairobi na kuwa Mto Athi. Mto Nairobi, ukiwa na mzigo wa Dandora, huukuta Athi mbele zaidi. Niliifuata yote miwili mpaka Fourteen Falls, karibu na Ol Donyo Sabuk, ambako mto unaporomoka kwa mapana yake yote. Nilitegemea kuona maji meupe. Nilichokiona cheupe ni povu, mabonge mazito yakielea chini ya maporomoko na kushikamana na miamba. Kijana wa mashua aliyenivusha alichota kidogo kwa kasia akanionyesha.

"Hii ni sabuni ya Nairobi," alisema. "Wao wakifua, sisi tunapata povu."

Baada ya hapo mto unageuka kusini-mashariki kuingia Ukambani. Huko, Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018, limekusudiwa kuwapa maji watu wa Makueni na Kitui pamoja na mji mpya wa Konza. Ukuta wa bwawa unaweza kuzuia maji. Hauwezi kuyasafisha yaliyochafuliwa kilomita mia na zaidi juu yake. Serikali moja inajenga bwawa chini ya mto na inachelewa kujenga mtambo juu yake, na wanaolipa gharama ya ucheleweshaji huo ni watu ambao hawakualikwa kwenye kikao chochote cha Nairobi.

Ukiungana na Mto Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Majina matatu, maji yaleyale. Nilifika kwenye mlango wake kaskazini mwa Malindi jioni, bahari ikiwa imepwa. Maji ya hudhurungi yalikuwa yakijitandaza juu ya buluu, mbali sana, mpaka jicho likashindwa kuonyesha yanapoishia.

Pwani nayo ina hukumu yake. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi, na mwanamama Phyllis Omido akasimama nao. Julai 2020 Jaji Anne Omollo aliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe ndani ya miezi 4. Katika kugawa deni hilo, fungu kubwa zaidi lilitwikwa NEMA, kuliko hata kiwanda chenyewe. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miezi 4 ikawa miaka 4, na katika miaka hiyo watoto waliokuwa na risasi kwenye damu yao waliendelea kukua nayo. Lakini kanuni imesimama: aliyepewa kazi ya kulinda, akazembea, ana deni. Kwa wenye ploti wa Kiserian, ambao walipelekwa kizimbani peke yao kwa sheria ya 1921, hiyo ingekuwa habari njema.

Nikiwa pale Sabaki niliitoa tena hukumu ya Waweru. Karatasi zilikuwa zimelainika kwa jasho na vumbi la safari. Nilimfikiria yule mama chini ya daraja. Hajasoma kifungu cha 42. Lakini katika nchi nzima niliyoipita, yeye ndiye aliyekuwa na ratiba sahihi ya mto ule. Anajua siku ya kuchota na siku ya kuacha, na hasahau, kwa kuwa akisahau wateja wake wa sukuma wataugua.

Kila jaji anayetoa amri juu ya mto anahitaji ratiba kama yake: siku ya taarifa ya kwanza, siku ya pili, siku ya kwenda kuona kwa macho, na jina la afisa atakayejibu. Jalada lifungwe siku ambayo mama yule ataweza kuchota hata Jumatatu.